Mzinduzi wa Boti Bapa

Afisa uvuvi, Bwana Kisonda, alileta kisiwani boti mbili: moja yenye mbavu ndefu za kukabili mawimbi, nyingine bapa kama sinia, iliyoundwa na shemeji yake.

"Serikali imewachagulia hii bapa," alitangaza.

Wavuvi wakatazamana kama watu waliokwisha kusomewa hitima. Nyanjura, mchuuzi wa dagaa, akapiga vigelegele.

"Panda, mheshimiwa! Kwetu aliyechagua chombo ndiye anayekizindua, hadi kilindini na kurudi."

Kisonda akalitazama ziwa lilivyochafuka. "Na ile nyingine?"

"Ile tukiichagua wenyewe, tutaizindua wenyewe."

"Basi chagueni, wananchi! Serikali ni sikivu."

Bapa ikarudishwa mjini. Wavuvi wakamuuliza Nyanjura desturi hiyo ilianza lini.

"Nyie nanyi! Si leo, alipomaliza kutangaza?"