Hela Iliyolala Mpungani

Wahenga hawakumkataza mtu kuchukua kilicho chake. Walichokiogopa ni pupa, pale mikono yote inapoingia chunguni kwa pamoja mpaka chungu kipasuke.

Odeta aliishi peke yake katika mtaa wa Nsemulwa. Nyumba yake ilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu, isipokuwa Jumamosi, akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa walipoketi mkekani kwake, wakacheka na kutia akiba katika sanduku alilolitunza. Kicheko hicho kilimtosha wiki nzima.

Mwezi wa tatu alikwenda kijijini Karema kumuuguza shangazi yake. Huko simu ikamzimikia. Aliporudi, uvumi ulikuwa umemtangulia: Odeta katoroka na hela! Uani aliwakuta wanakikundi wote, mbele yao Pudensiana, rafiki yake wa tangu ujana.

"Nyie, ningetoroka ningerudi?"

"Umerudi, tumeshukuru," Pudensiana alijibu. "Sasa fungua sanduku, kila mtu achukue chake."

Alifungua. Ndani mlikuwa na noti chache tu.

"Mbona mnashtuka? Si tulimkopesha Malale na wakulima wenzake, wote tukiwa hapa? Hela yenu iko mpungani. Subirini mavuno."

"Kumbe hela nayo inaota!" mmoja akadakia. Wakacheka, lakini si kile kicheko cha Jumamosi.

"Mkiidai yote leo, hakuna atakayeipata," Odeta alisihi.

Pudensiana akainamisha macho. "Dada, wa kwanza atapata. Mimi sitaki kuwa wa mwisho."

Basi wakawaganda wakopaji kama kupe. Malale na wenzake wakauza mpunga ungali mbichi shambani, wote kwa wiki moja.

"Wauzaji ni nyie wote, mnunuzi ni mimi peke yangu," mfanyabiashara wa mpunga aliwaambia, akataja bei ya kutupa.

Deni halikulipika hata nusu. Pudensiana, aliyewahi mbele ya wote, aliambulia kidogo. Waliochelewa walirudi mikono mitupu. Mavuno yalipofika, mchele wa mashamba yale yale akina mama waliununua kwa mfanyabiashara yule yule, kwa bei ya kuuma.

Jumamosi moja Odeta alitandika mkeka, akachemsha chai ya birika kubwa. Akasikia hatua njiani, akainuka.

"Dada Pude, karibu, chai ipo."

"Nawahi sokoni," Pudensiana alijibu, uso kaufunika kwa kanga.

Odeta akakunja mkeka. Waliitaka hela yote, wakaikosa, wakakosa mavuno, wakakosana wenyewe kwa wenyewe. Hakika, mtaka yote kwa pupa hukosa yote.