Mswada Uliokuwa Ukirudi Nyumbani

Mama mmoja, jina lake tuliache, alikuwa na mtoto kiziwi. Alimlea kwa shida, akajifunza mengi ambayo hakuna aliyemfundisha. Siku moja akasema, mambo haya nikiyaandika, mama mwingine hatahangaika kama mimi. Basi akaandika, kwa mkono, huku maharage yakiwa jikoni, mpaka kikawa kitabu.

Akasikia kuna wachapishaji wadogo mjini, watu wawili tu katika chumba nyuma ya duka la rangi. Hawana mtambo mkubwa wala hawachapi vitabu vingi, ila mswada wa mtu yeyote wanaupokea na kuusoma. Akavaa nguo yake ya kanisani, akaupeleka. Mhariri, dada mpole mwenye miwani, akaupokea kwa mikono miwili.

Njia nzima mama akarudi akiwaza. Lile neno la mwanzo nimelikosea. Watanicheka, watasema huyu kaishia darasa la saba. Kesho yake akarudi, akaomba karatasi zake azisahihishe. Mhariri akampa, kwa sababu utaratibu wao ni kwamba kazi ni ya mwandishi hadi watakapokubaliana, na akiitaka hanyimwi.

Akasahihisha, akapeleka. Kabla wiki haijaisha akakumbuka ukurasa mwingine, akaufuata mswada tena. Ikawa ndiyo desturi yake. Jirani yake akamtania: "Mwenzangu, hicho ni kitabu au ni mtoto wa kliniki? Kila wiki unampeleka, kila wiki unarudi naye."

Mwaka ukaelekea mwisho. Akapata habari kwamba vitabu vya mwaka ule vimeshaanza kuchaguliwa na chake hakimo. Mnajua uchungu wa jambo kama hilo? Mtu unatoa kilichomo moyoni, halafu kimya. Siku hiyo mama yule hata aibu ilimtoka. Akaenda, mswada mkononi, akasimama mlangoni.

"Dada, mngeniambia tu kwamba mmenikataa. Mimi si msomi, ningeelewa."

Mhariri akavua miwani. "Mama, hatujakukataa. Hatujakusoma. Kila nikifungua ukurasa wa kwanza, nasikia hodi, ni wewe umeufuata."

Mama akauliza, kwa sauti ndogo, "Na makosa yaliyomo?"

"Makosa ndiyo kazi yangu. Ukiniletea mswada usio na kosa hata moja, mimi nitakula wapi?"

Mama akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo. Mhariri akamwambia nafasi moja bado ipo, lakini mswada lazima ubaki. Mama akauweka mezani. Vidole vyake vikabaki juu ya karatasi kwa muda, kisha akavitoa. Alisema baadaye kwamba njia ya kurudi siku ile ilikuwa fupi kuliko siku zote, na usiku alilala usingizi kama wa mtu aliyepona homa.

Je, kitabu kilichapishwa? Kilichapishwa. Makosa yale yaliyokuwa yakimrudisha mjini, mhariri aliyaona na kuyasahihisha, na mengine ambayo mama mwenyewe hakuwahi kuyaona.

Sasa, mama zangu na dada zangu, tusimshangae sana mama huyu. Sisi tunapiga magoti hapa, tunamweleza Mungu habari za ndoa, za mtoto anayeumwa, za kaka aliyepotelea kwenye pombe. Tunasema, Bwana, jambo hili nimekuachia. Tukishasema amina, hatujafika hata getini, tumeshamnyang'anya. Tunarudi nalo nyumbani tulirekebishe kidogo kwanza, tumletee likiwa safi. Halafu mwaka unaisha tunalia kwamba ametukataa, na wengine wamejibiwa.

Hajatukataa, wapendwa. Tumempa lini nafasi ya kulishika? Wala hakutuambia tumletee jambo lililonyooka. Lililopinda ndilo analolitaka, kwa maana kunyoosha ni kazi yake, na hajawahi kutucheka.

Kwa hiyo leo, yule mwenye jambo lake, na najua tupo wengi, aliseme kwa Mungu jinsi lilivyo, na makosa yake yote. Kisha atoe vidole. Tutoke hapa hatujabeba kitu, twende tukapike, tukalale.