Siku Tatu za Mabawa

Hapo zamani hizo, wanangu, tai na panya waliishi nyumba moja katika mji wa Tambarare. Tai, Bwana Makucha, alikaa juu ya paa. Panya, Bi Mwanasiti, alikaa darini na vichanga wake watano, hata macho hawajafumbua.

Siku moja tai akagonga paa. Ko! Ko! Ko!

"We panya! Dari nalitaka mimi. Hama!"

"Jamani, Bwana Makucha! Nitawapeleka wapi wanangu?"

"Shauri yako! Nyumba ni ya wanaojua kusafiri. Mimi nafika Mbalisana kwa siku tatu, navuka mito kumi na miwili, wala situi. Wewe kwa vijiguu hivyo utachukua mwaka!"

Bi Mwanasiti akawatazama wanawe, kisha akasema:

"Basi tushindane. Atakayetangulia kuvuka kizingiti cha Bi Korongo, yule apokeaye wageni kule Mbalisana, dari ni lake. Atakayeshindwa ahame."

Tai alicheka hadi manyoya yakamdondoka. "Haya! Kesho alfajiri!"

"Ila usiende ugenini mikono mitupu. Nitakufungia kikapu cha karanga umpelekee mwenyeji."

"Fungasha! Na machozi yako ujifungashie."

Alfajiri panya akawaacha watoto kwa dada yake anayenyonyesha, akaingia kikapuni, akajifukia kwenye karanga. Kimya!

Tai akaja. "Mwanasiti yuko wapi?"

"Keshaanza safari," dada mtu akajibu.

"Maskini, atachoka bure!" Akakikwapua kikapu bila kuchungulia ndani. Mkubwa yule achungulie karanga? Puruuu! Akapaa.

Siku ya kwanza kikapu kilimlemea. Siku ya pili kikapungua uzito, maana huko ndani ilikuwa kwaru, kwaru, kwaru.

"Lo! Naona nguvu zinaniongezeka!" tai akajisifu. "Kikapu hiki sasa nakiona kama unyoya!"

Siku ya tatu akatua Mbalisana. Sasa, desturi ya huko mgeni haingii na mzigo. Mwenyeji huupokea akautia ndani, na mgeni hungoja barazani anywe maji kwanza.

"Karibu, mwanangu, pole na safari. Lete mzigo," alisema Bi Korongo.

"Nishapoa, Mama. Kuna panya yeyote aliyefika?"

"Panya? Hata mkia wake sijauona."

Tai akatanua kifua, akaanza kunywa maji taratibu. Bi Korongo akavuka kizingiti na kikapu.

"Karibu ndani, Bwana Makucha!" ikaita sauti nyembamba. "Mbona umechelewa?"

Tai akapaliwa. Koho! Koho! Panya huyo, amekaa juu ya kikapu, tumbo ndii!

"Mwongo! Mimi ndiye niliyekubeba!"

"Tulisema kuvuka kizingiti. Nani alisema tuje kwa miguu?"

Bi Korongo alicheka mpaka akashika mbavu. "Nani katangulia kuvuka, Bwana Makucha?"

Tai akatazama makucha yake, bado yako barazani. "Yeye," akanong'ona.

"Basi dari ni lake. Na kwa kuwa ana watoto wachanga, mrudishe."

Siku tatu tena tai alipiga mabawa, na panya kichwa nje ya kikapu: "Kaza, Bwana, wanangu wananingoja!"

Walipofika, vichanga walikuwa ndio kwanza wanafumbua macho, na cha kwanza walichokiona duniani ni mama yao akishuka kutoka mbinguni. Walivyoshangilia! Tai akahama siku ileile.

Nanyi mkumbuke, wanangu: mwenye majivuno humbeba mshindani wake bila kujua.