Kanzu ya Wanga ya Jogoo Kuchi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnajibu kama mnaumwa? Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na mvua?

Na matope!

Na kuku je?

Naye alikuwapo!

Haya, sasa mmeamka. Zamani za kale, kuku walipokuwa wakivaa nguo na kuoana kwa posa, palikuwa na tembe mmoja, kuku jike ambaye bado hajataga, jina lake Mwatumu. Mwatumu alikuwa mzuri, na baba yake alikuwa mkali. Majogoo wawili walimtaka. Mmoja ni Kuchi, mrefu, kifua mbele, na alijipenda, loo! Wa pili ni Kishingo, ambaye hakuwa na unyoya hata mmoja shingoni, wala hakujali.

Baba yake Mwatumu akawaambia, "Njooni Ijumaa, nyote wawili. Atakayeingia amevaa vizuri, akatusalimu kwa adabu, akakaa nasi mkekani, huyo ndiye mkwe wangu."

Masika ilikuwa imekolea. Kuchi akachukua kanzu yake nyeupe, akaichovya kwenye uji wa wanga wa muhogo. Akaichovya mara ya pili. Akaichovya mara ya tatu! Akaipiga pasi ya makaa mpaka ikasimama yenyewe pembeni mwa nyumba. Mimi nimenyosha nguo miaka yote hii, kanzu ya kusimama sijapata kuiona.

Kishingo yeye aliikunja kanzu yake, akaifunga vizuri ndani ya majani ya mgomba. Akavaa kaptura, akajifunika jani jingine kichwani, akabeba mzigo wake.

Kuchi akamcheka. "Kaka, unakwenda posa au unakwenda kulima mpunga?"

"Nakwenda posa," Kishingo akajibu, "ila napita matopeni."

Wakashika njia. Kuchi akatangulia akiimba:

*Tazama, tazama, kanzu imesimama!*
*Mwatumu wangu, leo utahama!*

Yakaanza manyunyu. Chura akamwita, "Mjomba, funika kanzu!"

"Nikiifunika wataionaje?" Kuchi akasema. Akaimba wimbo wake, akaenda.

Mvua ikazidi. Bata akamwita, "Mjomba, kata jani la mgomba!"

"Jani kichwani, mimi?" Akaimba wimbo wake, akaenda.

Mvua ikamwagika. Kobe akachungulia, akasema, "Mjomba, ningekukaribisha kwangu, lakini nina chumba kimoja tu. Basi vua kanzu uikunje!"

"Nivue! Wanione hivi vijiti vya miguu?" Akataka kuimba, maji yakamjaa mdomoni.

Basi ule wanga ukalainika, ukarudi kuwa uji. Ukamteremka mapajani, ukamwingia viatuni. Kila akipiga hatua, chwaka! Chwaka!

Mara mvua ikakatika, jua likawaka. Kuchi akafurahi. Akasimama juani, mabawa kayanyosha, ili kanzu ikauke. Ikakauka kweli, naye yumo ndani! Mabawa yakagoma kushuka. Magoti yakagoma kukunjika. Akaenda hivyo hivyo, akiyumba huku na huku.

Kishingo alikuwa ameshafika. Nyuma ya ua aliosha miguu, akavua kaptura, akafungua mzigo, akavaa kanzu yake kavu na kofia. Akapiga hodi. Akainama, "Shikamoo baba, shikamoo mama," akakaa mkekani.

Kisha nje ikasikika sauti ya Kuchi. "Hodi!"

"Karibu baba, pita."

Apite wapi? Mabawa yaligonga mlango huku na huku. Ikabidi aingie kiubavu. "Shikamoo," akasema, amesimama wima.

Mama yake Mwatumu akanong'ona, "Huyu hajui kuinama?"

"Karibu mkekani," baba akasema.

"Nimeshakaa," Kuchi akajibu, naye kasimama.

Vifaranga wa nyumba ile wakainua pua. "Mama, mgeni ananukia uji!" Wa kwanza akadonoa pindo. Wa pili akadonoa mkono wa kanzu. Wa tatu akakimbia kuwaita wa jirani! Wakala, wakala, mpaka Kuchi akabaki na ukosi tu, na vile vijiti vya miguu viko nje.

Nyumba nzima ikacheka. Kuchi akalia. "Mwatumu, nilitaka unione nimependeza."

Mwatumu hakucheka. Alimwonea huruma. "Kaka Kuchi, kusema kweli nilikuwa nakungoja wewe. Tangu asubuhi nachungulia dirishani, naiomba mvua ikupishe. Ungekuja hata na jani kichwani ningekukubali. Lakini jogoo aliyeshindwa kujifunika mwenyewe, vifaranga wangu atawafunika na nini?"

Akaenda akakaa karibu na Kishingo.

Wajukuu zangu, kupendeza si kosa. Kishingo naye alipendeza. Ila mvua haimwonei mtu haya. Vaa kwanza kwa ajili ya njia, ukifika ndipo uvae kwa ajili ya mlango.

Ngano yangu inakomea hapa. Kama ni tamu, gawaneni. Kama ni chachu, nirudishieni mwenyewe. Na aliyeanika nguo nje akaanue, mawingu yale siyapendi.