Amina ya Mjane

Mtoto hutazama kisogo cha nina. Aliye mgongoni haoni uso wa mama yake. Huona kisogo tu, na kisogo hakijui kujipamba. Wapo wazazi wanaodhani wanawafunza watoto kwa maneno matamu, kumbe watoto wanajifunza yale ambayo wazazi hao hawajui kuwa wanayaonyesha.

Mshonaji mmoja alisifiwa sana kanisani kwa jinsi alivyowafunza wanawe kusali. Kila jioni alifunika cherehani, akapangusa nyuzi mezani, na jamaa wote wakashikana mikono.

"Fumbeni macho," alikuwa akisema. "Mungu hasikilizi watu wanaochungulia sufuria."

Hapo ndipo vita vilipoanza. Nyumbani humo aliishi wifi yake, mjane aliyekuja na mfuko mmoja wa nguo baada ya kufukuzwa na ndugu za marehemu. Mchana mshonaji hakumtupia hata neno. Alingoja macho yafumbwe.

"Baba wa mbinguni, asante kwa chakula hiki, ambacho wengine wanakila bila kutoka jasho. Uwajalie wageni macho ya kuuona mlango. Amina."

"Amina," waliitika wote, mjane akiwa miongoni mwao. Huo ndio uliokuwa ukatili wenyewe! Tusi la kawaida hujibiwa. Tusi lililovishwa joho la sala humlazimisha aliyetukanwa aliunge mkono kwa kinywa chake. Mume wa mshonaji alikohoa tu. Alikuwa fundi bomba; aliziba mabomba ya mtaa mzima, lakini kinywa kimoja cha nyumbani kwake kilimshinda.

Jioni moja mchungaji aliwatembelea. Mshonaji alimsogeza mbele kitindamimba wake, binti wa miaka sita, ambaye mchana huo alikuwa amenyimwa kitambaa cha kumvika mwanasesere.

"Huyu nimemfunza mwenyewe, mchungaji. Hababaiki hata kidogo."

Binti alifumba macho hadi pua ikakunjamana.

"Baba wa mbinguni, asante kwa chakula. Kuna mtu hapa ana vitambaa tele na hagawi. Umlainishe moyo, maana mimi nikimwambia hasikii. Na shangazi asiuone mlango, akiondoka nani atanisuka? Amina."

Mchungaji alitazama sahani yake.

"We mtoto!" Mshonaji aliinua mkono. "Nani kakufundisha kumsema mzazi wako mbele za Mungu?"

Binti alishangaa kweli. "Si ndivyo tunavyosali, mama?"

Mjane aliudaka ule mkono kabla haujashuka.

"Usimguse, wifi. Amina zako zote nimeziitikia, hata zile za kunifukuza. Leo na wewe itikia yake."

Mshonaji alimgeukia mumewe. Safari hii mumewe hakukohoa.

"Itikia, mama watoto," alisema. "Dada yangu haendi popote."

"Amina," mshonaji alitamka, sauti nyembamba kama uzi, macho yakiwa wazi.

Miaka yote hiyo alijigamba kuwa anafunza sala, kumbe alifunza kutukana kwa adabu, na mwanafunzi wake alifaulu mbele ya mgeni. Asimlaumu mtoto wala shetani, kwa kuwa mtoto hutazama kisogo cha nina.