Nyumba ya Magogo Iliyocheza Ngoma

Hapo zamani, watu walipokuwa bado wakijenga kwa magogo yasiyobanduliwa maganda, palikuwa na nyumba katika msitu wa Kwemvule, msitu wa watu wote, walikokwenda kupunga upepo. Shekiango, mlinzi wa msitu, aliipenda nyumba ile kama mwanawe. Lakini ilikaa gizani, katikati ya miti, na wageni waliikimbia. Wazee wa kijiji wakaamua: "Ifanyike harusi moja ya mwisho, kisha ibomolewe." Shekiango akameza mate machungu.

Asubuhi ya harusi, baada ya mvua kubwa, Shangazi Nambiza, mpishi, alikosa mafiga. Akainama chini ya nyumba, akang'oa mawe matatu yaliyoizuia mtelemkoni. Pilau likaanza kunukia.

Ndani, Kilua, mpiga ngoma, akaishika ngoma yake. Akapiga, wakacheza. Akapiga, wakaruka. Akapiga, na nyumba nayo ikaruka! Ikateleza juu ya tope, na waliomo wakashangilia: "Ngoma tamu hii, mpaka sakafu inacheza!"

Shekiango akaona nyumba inampita. Akaikimbilia, akafunga kamba kwenye nguzo ya baraza, ncha ya pili akaizungusha kwenye mti wa mkulo. Kamba ikalia, nyumba ikageuka, ikatulia kando ya maporomoko ya maji, ukingoni mwa korongo. Hata sahani haikuvunjika.

"Nani kafanya haya?" akafoka mwenyekiti wa kijiji.

"Muulize mpiga ngoma," akasema Nambiza.

"Muulize mwizi wa mawe," akasema Kilua.

Bibi harusi akasukuma dirisha. Jua likaingia, rasharasha za maji zikamlowesha shela. "Jamani, mimi sitoki humu!" akapiga kigelegele.

Jumapili iliyofuata watu walifurika kwenye nyumba ile. Nani tena angeibomoa? Wazee wakatangaza kwamba jina moja litachongwa juu ya mlango, jina la aliyeiokoa nyumba. Papo hapo waliosukumiana lawama wakaanza kunyang'anyana sifa.

"Nisingeyatoa mawe, ingesogea wapi?" akasema Nambiza.

"Shangazi, uliyatoa asubuhi, ikakaa tuli. Nani aliyeiamsha kama si ngoma yangu?"

Shekiango alicheka mpaka machozi. "Ninyi mliipeleka korongoni! Bila kamba yangu, leo magogo yake tungeyafanya kuni."

"Na dirisha mlilifungua ninyi?" akadakia bibi harusi.

Seremala kashika patasi, mkono umeanza kumchoka. Haya, ninyi mliokaa kitako: achonge jina la nani?