Fisi, Bi Kindi na Sheria ya Rangi Moja

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanajuliana hali kabla ya kulana, mvua iliukimbia mwitu wa Mikuyuni. Mito ikakauka, nyasi zikawa kama ndevu za kizee, hata Kiboko akawa anatembea na jani la mgomba kichwani. Chemchemi ilibaki moja tu, chini ya mkuyu mkubwa. Chakula cha akiba nacho kilibaki mahali pamoja: ndani ya tundu la mkuyu huohuo, kwa Bi Kindi.

Bi Kindi alikuwa mjane asiyejua kukaa bure. Tangu masika alikusanya njugu, kokwa na mbegu, wenzake wakimcheka. Alikuwa na watoto wanne wa tumbo moja, lakini ukiwaona usingesema ni ndugu. Majivu alikuwa wa kijivu kama mama yake. Masizi alikuwa mweusi tii. Kutu alikuwa mwekundu ndi. Na Chokaa, kitindamimba, alikuwa mweupe pe, hata akisimama juani ndugu zake walifumba macho.

Fisi alipita chini ya mkuyu huo kila siku, pua juu, mate chini. Utasema fisi hali njugu. Ni kweli, fisi aliyeshiba hali njugu. Lakini huyu alikuwa ameshakula kiota cha ndege, kitupu, akaramba na tawi. Kupanda mti hakuweza, akaona heri apande kwa Simba.

Alimkuta Simba juu ya jiwe, anakitazama kivuli chake na kukipenda.

"Ewe Mfalme," Fisi alisema, amelala kifudifudi kwa adabu, "nimejua kwa nini mvua imetukimbia."

"Kwa nini?"

"Rangi, Mfalme. Zimezidi. Mawingu yakichungulia huku chini yanaona milia hapa, madoa pale, yanashikwa na kizunguzungu, yanakwenda zake. Mnyama wa heshima ana rangi moja, toka puani hadi mkiani. Kama wewe."

Simba akainua kidevu. Hakuna maneno yaliyomwingia kama "kama wewe".

"Na kuna mama mmoja," Fisi akaendelea, "ana watoto wanne, rangi nne! Huo si uchochezi?"

"Ni uchochezi mkubwa," alisema Simba, ambaye hakuwa na hakika uchochezi ni nini.

Basi mbiu ikapigwa: "Nyumba moja, rangi moja. Ngozi moja, rangi moja. Asiyetimiza aondoke chemchemini, na akiba yake amwachie mlinzi wa sheria. Mlinzi wa sheria ni Bwana Fisi."

Fisi mwenyewe alikuwa na madoa mwili mzima. Alikwenda kinamasini kulikobaki tope kidogo, akagaagaa hadi doa la mwisho likafunikwa, kisha akajianika. Jua lilimkausha akawa mgumu kama chungu. Alipotembea alilia kwa, kwa, kwa.

"Nimezaliwa hivi," aliwaambia waliomshangaa. "Yale mliyokuwa mkiyaona ulikuwa uchafu."

Mwitu ukaingia wazimu. Pundamilia aliulizwa kama ni mweusi mwenye milia myeupe au mweupe mwenye milia myeusi, akafikiri mpaka akapata homa. Chui alijilamba madoa yatoke, hayakutoka, ulimi ukavimba kama ndizi. Kobe aliingia gambani na kila aliyebisha hodi alimjibu, "Hayupo."

Fisi hakuwa na haja na hao. Alikwenda moja kwa moja mkuyuni.

"Bi Kindi! Shuka na wanao. Njugu ziache."

"Tutakwenda wapi, Bwana Fisi? Maji ni haya tu. Wanangu watakufa kwa kiu."

"Mimi sikuwapaka rangi. Ila nina huruma: chagua mmoja tu ubaki naye. Wengine waende. Kesho mbele ya Mfalme utatuambia."

Chokaa akatoa kichwa tunduni. "Mama, mimi nitajipaka majivu."

"Hutajipaka kitu," alisema Bi Kindi. Aliwakusanya wote wanne kifuani, kisha akashuka mbio hadi kwa Sungura.

Sungura alikuwa amekaa juu ya kisiki na hakuinuka kumpokea.

"Niwie radhi, Bi Kindi. Mkia wangu chini ni mweupe. Tangu mbiu ipigwe mimi ni wa kukaa tu."

"Basi shida yetu ni moja. Nisaidie."

"Nitapata nini?"

"Njugu."

Sungura akakuna sikio. "Mwambie Mfalme yaliyo moyoni mwako. Fisi niachie mimi."

Kesho yake wanyama wote walikusanyika chemchemini. Simba alikaa juu ya jiwe. Fisi alisimama pembeni yake, mgumu, akijitahidi kutopinda popote.

"Bi Kindi," Simba alinguruma, "umemchagua nani?"

"Sikumchagua yeyote, Mfalme. Baba yao alikuwa mweusi, bibi yao alikuwa mwekundu, na huyu mweupe alikuja tu kama mgeni wa ghafla, tukampokea. Hata mimi unayeniona wa kijivu, hebu tazama." Aling'oa unywele mmoja mgongoni, akaguna, akaunyanyua. "Unywele huu chini ni mweusi, katikati ni wa kahawia, nchani ni mweupe. Kijivu unakiona ukiwa mbali. Sasa nikiamua kubaki wa rangi moja, nijing'oe vipande vipi?"

Wanyama wakanong'onezana. Pundamilia homa ikampungua kidogo.

"Maneno tu!" alisema Fisi. "Sheria ni sheria!"

Hapo Sungura akajiburuta mbele bila kuinuka. "Bwana Fisi amesema kweli. Lakini wengine hatukuisikia mbiu vizuri. Naomba Mzee Chui, mwenye sauti ya heshima, atusomee tena."

Chui alipenda kuheshimiwa. Akasimama, akakohoa, akatangaza kwa ulimi wake uliovimba:

"Nyumba mocha, langi mocha! Ngochi mocha, langi mocha!"

Kila mtu alitazama chini kwa adabu. Tumbo la Fisi likaanza kutikisika, na tope la tumboni likafanya ufa.

"Sikusikia mwisho, Mzee," alisema Sungura.

"Athiyetimitha," Chui akanguruma, "aondoke thethemini!"

Fisi akauma mdomo. Akauma na ulimi. Haikusaidia. Kicheko cha fisi hakina mlango, kilimtoka puani, kilimtoka masikioni, kikamwangusha chini. "Hiiii! Thethemini! Hii-hii-hiii!" Tope likapasuka, pa! Kipande cha begani kikaanguka.

"Doa!" alipiga kelele Masizi.

Pa! Kipande cha pajani.

"Doa jingine!" wakaitikia wanyama wote.

"Ni uchafu!" Fisi alilia huku anacheka. Akajiramba haraka. Doa likang'aa zaidi. Mwisho alibaki amekaa katikati ya vigae vyake, ana madoadoa zaidi kuliko siku aliyozaliwa.

Simba akaruka kutoka juu ya jiwe kwa hasira, mkia ukipiga hewa. Bi Kindi akapiga magoti.

"Mfalme, niwie radhi. Hicho kishungi cheusi kwenye ncha ya mkia wako ni cha nani?"

Simba, ambaye kwa majivuno hakuwahi kutazama nyuma, akatazama nyuma. Alikiona. Akaukalia mkia wake upesi.

"Sheria imefutwa," alisema. "Ilikuwa majaribio."

"Kwa wote?" Fisi akauliza, akijikongoja kuinuka.

"Kwa wote, isipokuwa aliyeitunga. Ondoka chemchemini mpaka mvua inyeshe."

"Hiyo si haki!" Fisi akapiga yowe. "Mtu afukuzwe kwa ngozi aliyozaliwa nayo?"

Wanyama wote wakamtazama. Yeye mwenyewe akasikia alichosema, akaenda zake mkia katikati ya miguu.

Jioni ile Bi Kindi aliwagawia majirani njugu, wote, hata wale waliomcheka masika. Sungura alipewa fungu lake, akalibeba kwa kusimama wima, mkia wake mweupe juu kama bendera.

Na wanyama wakasema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ila Ngiri aliomba siku nyingine waseme yeye akiwa hayupo.